Joseph Lister: daktari aliyepeleka dawa palepale kwenye mfupa

Kuna swali ambalo wasikilizaji wetu hutuletea mara kwa mara tunapokuwa na kipindi cha afya. Mtu amevunjika mguu, mfupa ukatoka nje, akatibiwa, kidonda kikafunga. Miezi inapita, halafu panatokea tundu dogo linalotoa usaha. Anachomwa sindano, anapewa vidonge, panakauka. Baada ya muda panafunguka tena. Kwa nini dawa haimalizi?

Jibu la swali hilo ni refu kidogo, na tumeona njia nzuri ya kulieleza ni kupitia maisha ya mtu mmoja aliyeishi zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jina lake ni Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Uingereza. Wengi wanamkumbuka kama mtu aliyewafundisha madaktari kuua vijidudu wakati wa upasuaji. Lakini kazi yake ilianzia kwenye mifupa iliyovunjika, na wazo lake la kuweka dawa pale pale penye jeraha ndilo lililozaa tiba ambazo leo madaktari wa mifupa wanazipandikiza ndani ya mwili wa mgonjwa.

Kijana wa nyumba yenye hadubini

Lister alizaliwa tarehe 5 Aprili 1827 huko Upton, kijiji kilichokuwa nje kidogo ya jiji la London. Familia yake ilikuwa ya madhehebu ya Marafiki, yale yale ambayo wasomaji wetu wa magharibi mwa Kenya wanayafahamu vyema. Marafiki wa zama hizo walivaa mavazi ya kawaida, hawakupenda makuu, na walithamini kazi na elimu.

Baba yake, Joseph Jackson Lister, alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo. Saa zake za mapumziko alizitumia kutengeneza vioo vya hadubini, kile chombo kinachokuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hakuwa amesoma chuo kikuu, lakini aliziboresha hadubini za wakati wake kiasi kwamba wanasayansi wakubwa wa Uingereza walimpokea katika chama chao. Kwa hiyo Lister alikua akiangalia mabawa ya wadudu na nyuzi za nyama kupitia vioo vya baba yake. Jambo hili lilimsaidia sana baadaye, maana wenzake wengi walishindwa kuamini kitu wasichokiona.

Vyuo vikuu vya zamani vya Oxford na Cambridge wakati huo vilidai utii kwa Kanisa la Uingereza, hivyo kijana wa Marafiki hakuwa na nafasi huko. Akaenda Chuo Kikuu cha London, University College. Njia haikuwa laini. Akiwa mwanafunzi aliugua ndui, kisha akapatwa na msongo mkubwa wa mawazo mpaka akasimamisha masomo kwa muda. Alirudi, akahitimu udaktari mwaka 1852.

Mwaka uliofuata alikwenda Edinburgh, Scotland, kujifunza kwa James Syme, mmoja wa wapasuaji mashuhuri wa zama hizo. Alikusudia kukaa muda mfupi tu. Akabaki kwa miaka saba, na mwaka 1856 akamwoa Agnes, binti wa mwalimu wake. Kwa kuwa Agnes hakuwa wa Marafiki, Lister alitoka katika madhehebu ya wazazi wake. Hawakujaliwa watoto. Agnes akawa msaidizi wake mkubwa: aliandika kumbukumbu za majaribio kwa mkono wake, ukurasa baada ya ukurasa, na aliyafahamu majaribio hayo kama mumewe.

Hospitali ilipokuwa mahali pa kufia

Ili tuelewe alichofanya Lister, inabidi tujue hali ilivyokuwa. Dawa ya usingizi ilianza kutumika Uingereza mwishoni mwa mwaka 1846. Mgonjwa hakulazimika tena kushikwa na wanaume wanne huku akipiga kelele. Lakini kupona kisu ni jambo moja, na kupona kidonda ni jambo jingine. Siku chache baada ya upasuaji kidonda kilianza kunuka, homa ikapanda, nyama ikaoza, na mgonjwa akafa.

Madaktari walivaa koti lile lile la kazi miezi na miezi, limekauka damu, na wengine waliliona kuwa ni alama ya uzoefu. Kisu kilichotoka kwa mgonjwa mmoja kilipanguswa tu na kuingia kwa mwingine. Usaha ulionwa kama jambo la kawaida katika kupona. Wengi waliamini kwamba hewa mbaya ndiyo inayoozesha vidonda.

Mfupa uliovunjika ulikuwa na sheria yake. Kama mfupa umevunjika lakini ngozi haijapasuka, mgonjwa alifungwa vibao na kwa kawaida alipona. Kama mfupa umetoboa ngozi, hata tundu dogo, maisha yake yalikuwa hatarini. Madaktari wengi waliona heri wakate mguu mapema kabla haujaoza. Na kukata nako kuliua. Lister alipohamia Glasgow mwaka 1860 kuwa profesa wa upasuaji, alihesabu wagonjwa wake wa kukatwa viungo. Katika miaka ya 1864 na 1866, kati ya wagonjwa 35, walikufa 16. Karibu nusu.

Tofauti hiyo kati ya mvunjiko uliofunikwa na ngozi na ule ulio wazi ndiyo iliyomsumbua. Mfupa ni ule ule, nguvu iliyouvunja inaweza kuwa ile ile, hewa ya wodi ni moja. Kwa nini mmoja apone na mwingine afe? Lazima kulikuwa na kitu kilichoingia kupitia lile tundu.

Habari kutoka Ufaransa na maji taka ya Carlisle

Mwaka 1865 mwenzake wa kemia pale Glasgow, Profesa Thomas Anderson, alimweleza kuhusu kazi ya Mfaransa Louis Pasteur. Pasteur alikuwa ameonyesha kwamba maziwa, mvinyo na mchuzi haviozi kwa sababu ya hewa yenyewe, bali kwa sababu ya viumbe hai wadogo mno wanaobebwa na hewa na vumbi. Lister akaona hapo hapo uhusiano na vidonda. Ikiwa mchuzi unaoza kwa sababu ya vijidudu, basi na nyama ya kidonda inaoza kwa sababu hiyo hiyo.

Pasteur aliua vijidudu kwa kuchemsha au kuchuja. Mguu wa mtu huwezi kuuchemsha. Lister alihitaji dawa ya kuvifuata vijidudu ndani ya kidonda.

Dawa hiyo aliipata mahali ambapo wakulima na wafugaji wataelewa haraka. Katika mji wa Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, maji taka ya mji yalimwagiliwa mashambani. Watu wa mji huo walianza kuweka kiasi kidogo cha asidi ya kaboliki, ambayo hutokana na lami ya makaa ya mawe. Harufu ikapungua. Na kulikuwa na faida nyingine: ng'ombe waliolisha katika malisho hayo hawakusumbuliwa tena na minyoo kama zamani. Lister akafikiri kwamba kinachoua vijidudu vya maji taka bila kumdhuru ng'ombe anayekula majani huenda kikafaa kwa kidonda.

Mvulana wa mkokoteni

Jaribio la kwanza, mwezi Machi 1865, halikufanikiwa. Mgonjwa hakupona, na Lister aliona kwamba dawa haikutumika inavyotakiwa. Hakukata tamaa.

Tarehe 12 Agosti 1865 aliletwa mvulana wa miaka 11 aitwaye James. Gurudumu la mkokoteni lilikuwa limempita mguu wa kushoto na kuvunja muundi, na ngozi ilikuwa imepasuka. Kwa taratibu za zamani, huyu alikuwa mtoto wa kukatwa mguu. Lister alichukua kitambaa kilicholowekwa kwenye asidi ya kaboliki, akakiweka juu ya jeraha, akaufunga mguu kwa vibao.

Siku nne alisubiri bila kufungua. Siku ya nne, siku ambayo kwa kawaida harufu ya kuoza ingekuwa imeanza, akafungua. Hakukuwa na harufu. Palikuwa na wekundu kidogo tu uliotokana na ukali wa dawa. Aliendelea na dawa, akaipunguza makali kwa maji na kisha kwa mafuta ya zeituni ili isiunguze ngozi. Baada ya wiki 6 mifupa ilikuwa imeshikana, na mvulana akarudi nyumbani na miguu yake miwili.

Lister hakukimbilia kutangaza. Aliendelea na wagonjwa wengine wenye mifupa iliyotokeza nje mpaka wakafika 11. Kati yao, mmoja alikatwa mguu na mmoja alifariki. Tisa walipona na viungo vyao. Mwaka 1867 alichapisha habari hizo katika jarida la madaktari la The Lancet, na mwezi Agosti mwaka huo akazisoma mbele ya mkutano wa madaktari mjini Dublin.

Kinyunga cha chaki na utumbo wa kondoo

Hapa tunaomba ndugu msomaji utulie kidogo, maana ndipo penye mzizi wa tiba ya leo.

Lister aligundua tatizo ambalo kila anayetibu kidonda analijua. Dawa ukiimwaga, inafanya kazi kwa muda mfupi, kisha damu na maji ya kidonda vinaisafisha. Vijidudu vilivyobaki vinaanza upya. Alitaka kitu kitakachokaa na dawa na kuiachia polepole. Akachanganya asidi ya kaboliki na mafuta ya kitani, kisha akaongeza unga wa chaki mpaka ukawa kinyunga kizito. Kinyunga hicho alikitandaza kwenye karatasi nyembamba ya madini ya bati na kukifunga juu ya jeraha. Dawa ilitoka kidogo kidogo mchana na usiku, na kesho yake kilibadilishwa.

Hatua iliyofuata ilikwenda ndani zaidi. Wapasuaji walifunga mishipa ya damu kwa nyuzi za hariri au kitani, na ncha ndefu za nyuzi hizo waliziacha zikining'inia nje ya kidonda ili baadaye zivutwe. Ncha hizo zilikuwa njia ya vijidudu. Lister alitafuta uzi ambao ungeweza kuachwa ndani na kidonda kikafungwa juu yake. Akachukua nyuzi zinazotengenezwa kwa utumbo wa kondoo na kuziloweka katika asidi ya kaboliki.

Tarehe 31 Desemba 1868 alifunga mshipa mkubwa wa shingo ya ndama kwa nyuzi hizo na kukishona kidonda. Mwezi mmoja baadaye ndama alichinjwa na mshipa ukachunguzwa. Hapakuwa na usaha. Mahali pa uzi palikuwa pameanza kushikwa na nyama mpya ya mwili wenyewe. Yaani uzi ule uliingia na dawa yake, ukafanya kazi, kisha mwili ukauchukua, na hakuna aliyehitaji kurudi kuutoa.

Kitu chenye dawa kinachowekwa ndani ya mwili, kikaachia dawa pale pale, na ikiwezekana kiyeyuke chenyewe: hilo ndilo wazo lenyewe. Madaktari wa mifupa wa leo wanalitumia kwa dawa na vifaa bora zaidi.

Upinzani na ushindi

Si wote waliompokea. Baadhi ya wapasuaji wakubwa wa London na Edinburgh walisema vijidudu ni hadithi. Wengine walijaribu dawa yake kwa juu juu, wakashindwa, wakasema haifai. Hata pale Glasgow, hospitali ilikuwa imejengwa karibu na makaburi ya watu waliokufa kwa kipindupindu mwaka 1849, majeneza yakiwa karibu sana na uso wa ardhi. Kama hewa mbaya ndiyo iliyoua, wodi za Lister zilipaswa kuwa za kwanza kuangamia. Badala yake vifo vilipungua. Kati ya wagonjwa 40 aliowakata viungo tangu mwaka 1867 mpaka alipoondoka, walikufa 6. Linganisha na wale 16 kati ya 35.

Wajerumani walimwelewa mapema kuliko watu wa nyumbani kwake. Katika miaka ya 1870 hospitali zao nyingi zilifuata njia yake. Marekani ilichelewa. Rais James Garfield alipopigwa risasi mwaka 1881, madaktari waliingiza vidole na vyombo visivyosafishwa kwenye jeraha lake tena na tena. Alikufa baada ya wiki 11, mwili umejaa maambukizi.

Mwaka 1869 Lister alirudi Edinburgh. Huko, mwaka 1873, alimpokea kijana mmoja maskini aliyekuwa na kifua kikuu cha mifupa, William Ernest Henley. Mguu mmoja ulikuwa umeshakatwa, na madaktari wengine walimwambia wa pili nao ukatwe. Lister alikataa kuukata. Alimtibu mfupa wa mguu huo kwa muda wa miezi 20 hivi, na mguu ukabaki. Akiwa kitandani Henley aliandika mashairi, likiwemo lile linalojulikana kwa jina la Invictus, ambalo Nelson Mandela alilipenda akiwa kifungoni Robben Island. Tunataja jambo hili kwa sababu ugonjwa ule ni wa mifupa, na uamuzi ule wa kutokata ndio mgonjwa na familia yake wanaousubiri hata leo wakiwa wamekaa kwenye benchi la hospitali.

Mwaka 1877 aliitwa London, chuo cha King's College. Tarehe 26 Oktoba mwaka huo alifanya kitu kilichoonekana cha hatari kubwa: alifungua goti la mtu ambaye pia ya goti ilikuwa imevunjika vipande, akaviunganisha kwa waya wa fedha, akafunga. Kufungua goti lisilo na jeraha kulihesabiwa kuwa sawa na kuhatarisha uhai, na wapo waliosema kwamba mgonjwa akifa Lister ashitakiwe. Mgonjwa alipona, akatembea. Tangu hapo upinzani wa London ulipungua. Leo tunapoona watu wamewekewa vyuma na skrubu kwenye mifupa, tukumbuke kwamba vyuma hivyo visingeweza kukaa ndani bila kwanza kushinda vijidudu.

Hakuwa malaika

Tukimweleza kama mtu asiye na dosari hatutakuwa tumemweleza. Asidi ya kaboliki ilichubua mikono ya madaktari na wauguzi. Kwa miaka mingi alitumia mtambo wa kunyunyiza dawa hiyo hewani chumbani wakati wa upasuaji, ukawakohoza wote waliokuwamo, na mwaka 1890 alikiri hadharani kwamba haukuwa na haja, maana vijidudu vingi hutoka mikononi na kwenye vyombo. Alipinga wanawake kusomea udaktari, ingawa mkewe alikuwa nguzo ya utafiti wake. Tiba ya kisasa ya kuchemsha vyombo kwa mvuke, kuvaa glavu na barakoa ilikamilishwa na wengine waliomfuata, hasa Ujerumani.

Lakini wagonjwa wake walimkumbuka kwa upole. Inasimuliwa kwamba msichana mdogo mwenye jipu la goti alimwonyesha mwanasesere wake aliyekatika mguu, na Lister akaomba sindano na uzi, akaushona mguu wa mwanasesere kwa makini kama anavyoshona mtu.

Alimpasua hata Malkia Victoria jipu la kwapa mwaka 1871. Mwaka 1897 alipewa cheo cha Lord. Agnes alikuwa amefariki mwaka 1893 wakiwa mapumzikoni Italia, na baada ya hapo Lister aliacha kuhudumia wagonjwa binafsi na kuishi maisha ya ukimya. Alifariki tarehe 10 Februari 1912, akiwa na umri wa miaka 84. Walitaka kumzika Westminster Abbey pamoja na wakubwa wa nchi, lakini alikuwa ameacha neno kwamba azikwe kando ya mke wake, na ndivyo ilivyofanyika.

Shanga zenye dawa

Sasa turudi kwenye swali la wasikilizaji wetu. Kwa nini sindano na vidonge havimalizi maambukizi ya mfupa?

Chukua mfano wa mfereji wa kumwagilia shamba. Dawa unayomeza au kuchomwa husafiri kwa damu, na damu ndiyo mfereji. Mfupa ukiambukizwa, usaha hubana mishipa na sehemu ya mfupa hufa. Kipande kilichokufa hakipitiwi na damu tena. Ni kama kitalu kilichoko ng'ambo ya mfereji ulioziba: hata ukiongeza maji kule juu, huku hayafiki. Zaidi ya hapo, vijidudu vikishika mfupa mfu au chuma hujijengea utando mzito wa kuteleza, na ndani ya utando huo dawa hupenya kwa shida. Na huwezi kuongeza dozi ovyo. Dawa kama jentamisini ikizidi kwenye damu huharibu figo na masikio.

Kwa hiyo kwanza daktari mpasuaji huondoa mfupa uliokufa na kusafisha. Hapo hubaki shimo, na shimo hilo ndilo linalowekwa dawa. Daktari Mjerumani Heinrich Dreesmann aliandika mwaka 1892, Lister akiwa bado hai, kuhusu kujaza mashimo ya mifupa kwa plasta ya jasi iliyochanganywa na asidi ya kaboliki. Dawa za antibayotiki zilipopatikana katika karne iliyofuata, wazo likapata nguvu mpya. Mwaka 1970 Hans Buchholz na mwenzake wa Hamburg walichapisha kazi yao ya kuchanganya antibayotiki na saruji ya mifupa. Hii si saruji ya kujengea nyumba, bali ni aina ya plastiki inayowekwa ikiwa laini na kukauka kwa dakika chache, nayo hutumika kushikilia nyonga bandia. Jentamisini ilifaa kwa sababu inastahimili joto la saruji inapokauka.

Baada ya hapo, Klaus Klemm wa Frankfurt aliitengeneza saruji hiyo iwe shanga ndogo zilizotungwa kwenye waya, mfano wa tasbihi au rozari. Shanga hujazwa kwenye shimo la mfupa na kidonda hufungwa. Dawa huvuja polepole kwa siku na wiki, ikiwa nyingi sana pale kwenye mfupa na kidogo sana kwenye damu, hivyo figo haziumii kirahisi. Ubaya wake ni kwamba shanga za plastiki haziyeyuki. Lazima mgonjwa arudi chumba cha upasuaji zitolewe, maana dawa ikishaisha, shanga zenyewe zinaweza kuwa kituo kipya cha vijidudu. Ndiyo maana siku hizi zipo pia shanga za jasi, ndugu wa ile plasta ya Dreesmann, ambazo huyeyuka zenyewe baada ya wiki kadhaa kama uzi wa utumbo wa kondoo wa Lister. Zipo pia fimbo za chuma za kuunganishia mfupa wa muundi zilizopakwa dawa tangu kiwandani.

Tuseme wazi: shanga hizi hazichukui nafasi ya upasuaji wa kusafisha, na mara nyingi mgonjwa bado huhitaji dawa za kumeza au sindano. Pia hazipatikani kila hospitali. Kama una mgonjwa mwenye mfupa unaotoa usaha kwa muda mrefu, dai rufaa ya kumwona daktari wa mifupa, na umuulize kama kuna mfupa mfu unaopaswa kutolewa. Kama amewekewa shanga, muulize ni za kuyeyuka au za kutolewa, na lini arudi. Usiikose tarehe hiyo.

Kabla ya kufika huko

Tiba hizo zote ni ndefu na gharama yake ni kubwa. Kinga ni saa za mwanzo, na hapo ndipo funzo la Lister linamhusu kila mtu kijijini, si daktari peke yake.

Pikipiki ikianguka au mti ukimwangukia mtu, na mfupa umetoboa ngozi au kuna jeraha hata dogo juu ya mahali palipovunjika, hiyo ni dharura. Funika jeraha kwa kitambaa safi kuliko vyote ulivyonavyo. Damu ikitoka sana, kandamiza pembeni ya mfupa uliotokeza, si juu yake. Usiurudishe mfupa ndani kwa mkono. Usiweke majivu, kinyesi cha ng'ombe, udongo, kahawa wala majani. Shikilia mguu usicheze kwa kuufunga na kibao au fimbo, kisha mkimbize hospitali, kwa sababu antibayotiki ya mapema na chanjo ya pepopunda ni vitu visivyosubiri kesho. Kwenda kwanza kwa mtaalamu wa kuunga mifupa wa kienyeji wakati ngozi imepasuka ni kupoteza saa ambazo vijidudu vinazitumia.

Na kwa wazazi: maambukizi ya mfupa huweza kumpata mtoto hata bila kuvunjika, kwa vijidudu vinavyosafiri kwenye damu. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga mguu mmoja au kunyanyua mkono, anayelia ukimgusa sehemu moja ya mfupa, asikandwe kwa maji ya moto na kusubiriwa. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akitibiwa mapema, mara nyingi hupona kwa dawa tu, na hatalazimika kufika kwenye shanga wala kisu.

Wiki za mwanzo za yule mvulana wa Glasgow zilikuwa hivyo: alifika mapema, jeraha likafunikwa vizuri, likaachwa litulie. Tunawatakia usalama barabarani na mashambani. Tukutane katika makala ijayo.